Maji ya Pipa la Mama Kamau

Tulimzika Mama Kamau huko Gatuanyaga, kwenye shamba kavu alikohamia uzeeni, na vumbi lilikuwa jingi hata wanakwaya walikohoa katikati ya wimbo. Wasifu wake ulisomwa na mjukuu mwenye sauti nzuri. Akataja shule aliyosoma, kanisa alilolitumikia, ng'ombe aliowafuga, miaka aliyofanya kazi ng'ambo, hata jinsi alivyopenda chai yenye tangawizi nyingi. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikingoja pipa litajwe. Halikutajwa. Mjukuu alikunja karatasi, akafuta macho, akarudi kuketi, na mimi nikabaki nimekasirika kwenye mazishi, jambo ambalo si la heshima lakini ndivyo nilivyo. Ndipo nikasikia mtu nyuma yangu akisema, kwa sauti ambayo haikuwa ya matanga hata kidogo, "Na pipa je? Kwani pipa wameliacha wapi?" Sikuhitaji kugeuka. Huyo alikuwa Nyambura, ambaye nilifanya kazi naye mwaka mmoja tu tukiwa wasichana, na ambaye sikuwa nimemwona tangu nywele zetu zikiwa nyeusi.

Tulipanga foleni ya chakula pamoja, tukapakuliwa wali na viazi na vipande viwili vya nyama ngumu, tukaenda kukaa mbali na hema ili tuseme tulivyotaka. Nyambura amenenepa, ana wajukuu, anauza vitambaa mjini Thika, na mdomo wake haujapungua makali. Tulicheka mpaka mzee mmoja wa kanisa akatutazama kwa jicho la kutuonya. "Wangari, wewe ndiye ulikuwa unajua kuandika insha," aliniambia akichokonoa nyama kwenye meno. "Andika hii. Sisi tukienda, hakuna mtu atajua." Nikamwambia sijui nianzie wapi. "Anzia pale maji iligeuka chai," akasema. Basi mambo ya nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani nitayaacha, maana hayana kazi hapa. Ninaanzia kwenye chai.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule kwa alama ambazo hazikumfurahisha mtu yeyote, nikapata kazi kwa Mama Kamau kule Gitothua, upande wa Ruiru ambako wakati huo nyumba zilikuwa bado zinasukumana na mibuni. Alikuwa na nyumba ya mawe yenye vyumba vichache vya wageni, madirisha ya mbao yaliyopakwa rangi ya kijani, na jikoni kubwa iliyonuka moshi na vitunguu. Nyambura ndiye alipika na kutandika vitanda. Nyuma ya jikoni kulikuwa na banda la mabati, na ndani ya banda ndipo Mama Kamau aliweka ndoto yake. Kule ng'ambo alikuwa akiwatunza wazee, na katika nyumba moja aliona pipa kubwa la mbao lililojaa maji moto, watu wanaketi ndani mpaka shingoni na kutoka wakitembea kama vijana. Akarudi nyumbani akiwa amekata shauri. Alikuwa akiwafikiria wanawake wa pale petu waliochuma kahawa kwenye umande maisha yao yote na kubeba kuni na maji mgongoni kwa ukanda wa kipajini, wale ambao wakitaka kusimama ni lazima kwanza waite jina la Mungu. Wageni wangeoga mwisho wa wiki. Alhamisi ingekuwa ya akina cucu, ndivyo kwetu tunavyowaita bibi wazee, na hawangetozwa chochote.

Pipa lilitengenezwa na Fundi Hamisi wa Kamenu, Mwislamu mfupi mwenye kofia safi, ambaye alikuwa na maringo ya mtu anayejua kazi yake na anataka nawe ujue kwamba anajua. Alilijenga kwa mbao za mtarakwa zilizosimama wima, zimebanana ubavu kwa ubavu, zikafungwa na pete za chuma, bila msumari hata mmoja. Nje palikuwa na jiko la kuni lenye mabomba ya kupasha maji, na pampu ndogo ya stima ya kuyazungusha maji yapite kwenye kichujio. Siku Hamisi alipokabidhi pipa, Mama Kamau aliniita, akanishika bega akanielekeza uso kwenye maji. "Wangari, vyumba ni vya Nyambura. Maji ni yako. Yakiwa masafi ni wewe, yakiwa machafu ni wewe." Kesho yake asubuhi niliinua kifuniko nikakuta maji yamekuwa rangi ya chai isiyo na maziwa. Nilipiga kelele hadi mbwa wakabweka. Mama Kamau akasema fundi amezipaka mbao dawa za sumu, Nyambura akasema ni mapepo, na Hamisi alipoitwa akaja bila haraka, akateka maji kwa kikombe, akanusa, akacheka. "Mti unatoa jasho lake tu," alisema. "Mwageni, mjaze. Mwageni, mjaze. Utachoka kabla yenu." Tukamwaga na kujaza, majani ya ng'ombe nyuma ya banda yakanenepa, na kweli mti ukachoka. Siku maji yalipobaki meupe nilihisi kwamba nimeshinda vita, na wala sikujua kwamba hiyo haikuwa vita.

Mama Kamau alinifundisha kazi. Asubuhi nafungua kifuniko kwanza ili mvuke wa usiku utoke. Nasafisha kichujio kwa maji ya nguvu. Natia klorini kiasi, kisha nachota maji kwenye kichupa cha kioo na kudondosha matone ya kupimia: yakigeuka njano, dawa ipo na inafanya kazi; yakibaki bila rangi, dawa imekwisha na vidudu vinasherehekea. Nilipenda ile njano. Nilikuwa nakiinua kichupa dhidi ya mwanga wa mlango na kuitazama kuliko ilivyohitajika. Shuleni hakuna jibu langu hata moja lililowahi kugeuka rangi kunionyesha kwamba nimepata.

Alhamisi ya kwanza akina cucu walikuja wakiwa na mashaka. Aliyewaongoza alikuwa Cucu Gathoni, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alilizunguka pipa, akaligonga kwa fimbo, akachungulia mvuke. "Mama Kamau," akasema, "sasa unataka kutupika supu?" Wenzake wakacheka na kurudi nyuma hatua moja. Yeye akavua viatu, akabaki na kamisi na kitambaa cha kichwa, akapanda ngazi, akateremka polepole mpaka maji yakamfika mabegani. Akafunga macho. Tulingoja atuambie kitu. Mwishowe akasema bila kufungua macho, "Ngai, Mungu wangu. Mbona hii ilichelewa hivi?" Baada ya hapo hatukuweza kuwazuia.

Mimi kazi yangu Alhamisi ilikuwa kuchochea moto nje, mgongo wangu ukiwa karibu kugusa mabati ya banda, na mabati hayafichi siri. Nikiwa pale nilisikia mengi kuliko msichana wa umri wangu alivyostahili kusikia. Nilisikia ni mume gani aliyekuwa akilala sebuleni, ni mchungaji gani aliyependa kualikwa chakula, na ni nani aliolewa kwa sababu ya mbuzi mmoja mzuri. Wakitoka Nyambura aliwapakulia githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemka na mfupa, na uji mzito kwenye vikombe vya bati, na wao walikaa ukutani kwenye jua wakila huku wakitoa mvuke kwenye mabega. Cucu Gathoni alikuwa na mkono wa kulia ambao haukupanda zaidi ya kifua. Kitambaa chake cha kichwa alifungiwa na mke wa mwanawe, na kila wiki alilalamika kwamba amefungwa kama mzigo wa sukuma wiki. Basi Alhamisi moja, mvua za vuli zikiwa zimeanza, alitoka kwenye banda, akachukua kitambaa kutoka kwa mwenzake, akainua mikono yote miwili, akakifunga mwenyewe. Akageuka huku na huku ili kila mtu aone. "Nani amefunga hii?" akauliza. "Nani?" Mama Kamau aliingia jikoni akajifanya anatafuta chumvi.

Halafu vikaja vipele. Vilianza kwa wanawake wawili, vikawa wengi: vidogo, vyekundu, vinavyowasha, na vyote vilikuwa pale kamisi ilipowabana wakiwa majini. Habari ilifika Ruiru mjini kabla ya sisi wenyewe kuielewa. Nikienda sokoni kununua nyanya, mwanamke wa nyanya aliniuliza, "Ni wewe unachemsha wazee?" na walio karibu wakacheka. Watu wakaanza kuita kila maji machafu maji ya Wangari. Dimbwi barabarani, maji ya Wangari. Chai mbaya hotelini, maji ya Wangari. Afisa wa afya akaja kwa pikipiki, kijana mwenye shati jeupe na adabu nzuri, akachukua maji kwenye chupa, na aliporudi hakuzungusha maneno. Maji yalikuwa na kidudu kinachopenda joto, na dawa haikuwa ya kutosha kukiua. "Safisheni pipa, mjaze upya," alisema. "Mnaweza kuendelea. Lakini nitakuja Alhamisi yoyote, bila kuwaambia, wakiwa wameshaoga, nipime. Nikikuta hivi tena, hili pipa litafungwa na halitafunguliwa." Mama Kamau alimsindikiza hadi langoni. Aliporudi alisema kwamba likifungwa hataki kuliona, atalipasua liwe kuni. Nilimtazama Cucu Gathoni, ambaye alikuwa amekuja tu kusikiliza. Alikuwa ameshika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akiusugua taratibu.

Usafi tulioufanya baada ya hapo, jamani. Kwetu sisi kitu kikiwa kichafu unakisugua halafu unakianika, iwe sufuria, iwe kibuyu, iwe godoro. Mama Kamau akaamuru na sisi tukaona ana haki. Tulimwaga maji yote, tukaingia ndani ya pipa mimi na Nyambura, miguu peku, tukasugua kwa chuma cha kusugulia sufuria na sabuni ya unga mpaka mikono ikachubuka. Kisha tukaondoa mabati ya paa la banda upande mmoja ili jua liingie. Ilikuwa Januari na jua lilikuwa halina huruma. Pipa likakauka, likawa jeupe, likapendeza hata Mama Kamau akaita majirani waje walione. Siku ya kulijaza, maji yalitoka kila mahali. Yalitoka katikati ya kila mbao mbili, mistari myembamba ikiruka pande zote, mmoja ukampiga Mama Kamau kifuani. Nyambura alicheka mpaka akaketi chini, halafu nikaona analia. "Wangari, tumeua," aliniambia.

Hamisi alikuja kwa baiskeli kutoka Kamenu akiwa amekwisha kusikia njiani, na alianza kufoka kabla hajashuka. "Mmeanika pipa? Mama Kamau, wewe mtu mzima, umeanika pipa?"

"Si lilikuwa chafu?"

"Pipa si sufuria! Mbao ndio zinajibana zikiwa na maji. Ukizikausha zinakonda, zinaachana. Hata wewe ukinyimwa chakula utakonda." Akapitisha kidole juu ya mbao, akaona nyuzinyuzi zilizoinuka. "Na mmemsugua na chuma," akasema. "Kitambaa tu. Brashi laini. Huyu ana ngozi." Alikaza pete za chuma, akatuambia tuache mfereji wa kisima ukimwaga ndani bila kufunga, yavuje yanavyotaka. Yakavuja. Tulikuwa tunazunguka pipa na taa ya mafuta jioni, na asubuhi kabla ya chai, tukihesabu mistari iliyobaki. Mistari ikawa matone. Matone yakawa unyevu. Kisha siku moja mchana niliweka kiganja changu kwenye mbao kuanzia juu hadi chini, nikazunguka pipa lote, na kiganja kikatoka kikavu. Nilimwita Nyambura tukarukaruka pale kwenye matope tukishikana mikono.

Sasa nilidhani tumemaliza. Alhamisi tulipofungua tena, asubuhi matone yaligeuka njano nzuri, ile niipendayo. Jioni, akina cucu wakiwa wameondoka, nilipima tena na kichupa kikabaki bila rangi. Nikaongeza dawa. Wiki iliyofuata ikawa vilevile: njano asubuhi, jioni hakuna kitu, na maji yenyewe yalikuwa yamepoteza mng'aro, yamekuwa mazito. Kwenye mbao, pale maji yalipoishia, palikuwa na utepe wa utelezi unaozunguka pipa. Nikaongeza dawa zaidi mpaka macho ya Cucu Gathoni yakawa mekundu na mbao zikaanza kuota manyoya. Afisa angeweza kutokea siku yoyote. Nilikuwa nalala nikiota kichupa kisicho na rangi. Nilimwambia Nyambura kwamba labda mimi ndiye mbaya, labda kuna watu ambao kila wanachogusa huharibika. "Wacha ujinga," alisema. "Kitu inakula dawa yako. Tafuta nani anakula."

Nilimpata Alhamisi iliyofuata, nikiwa nimechuchumaa nje kwenye jiko, nikivunja matawi ya mbuni. Ndani ya banda akina cucu walikuwa wanavua nguo. Nikasikia mfuniko wa mkebe ukifunguliwa.

"Leta hiyo mafuta, Mama Njoki. Nipake hapa kwa mgongo."

"Si umejipaka nyumbani?"

"Nimejipaka, lakini imekauka na hii jua. Unataka nivue nguo mbele ya watu nikiwa nimepauka? Watasema bibi ya mtoto wangu haninunulii mafuta."

"Kweli. Nipe na mimi ya magoti."

Niliacha matawi. Nilijua mkebe huo, kila nyumba ya pale petu ilikuwa nao: mafuta mazito ya kukamulia ng'ombe, yale ya kupaka chuchu zisipasuke, ambayo sisi tulikuwa tunajipaka mwili mzima kwa sababu hakuna yanayong'aa zaidi. Hakuna mtu wa kwetu angetoka nje amepauka. Mtoto aliyepauka ni aibu ya mama yake, na mzee aliyepauka ni aibu ya watoto wake wote. Basi kila Alhamisi wanawake wale walijipaka nyumbani, wakatembea kwenye vumbi na jua mpaka kwetu wakitoka jasho, kisha wakajipaka tena juu ya jasho na vumbi, ndipo wakaingia kwenye maji yangu. Walikuwa wakiliheshimu pipa. Walikuwa wanalivalia. Nilikimbilia jikoni. Tukachota maji ya pipa kwenye mabeseni mawili. Katika moja nikaosha mikono iliyokwisha kusuguliwa kwa sabuni, na katika lingine Nyambura, ambaye alikuwa ameshinda jikoni akitoka jasho na ana mafuta yake mpaka kwenye viwiko, akatumbukiza mikono na kuisugua. Tuliyaacha tukamenya viazi. Tulipodondosha matone, maji yangu yalikuwa njano. Ya Nyambura yalikuwa kama hayajawahi kuona dawa. "Haiya!" akasema, akitazama mikono yake. "Ni mimi nakula."

Dawa ya shida hiyo ilikuwa rahisi kuitaja: kila mtu aoge kwa sabuni kabla ya kuingia, na aingie amepauka. Kuitaja mbele ya nani, hapo ndipo palikuwa na kazi. Mama Kamau aliposikia alikaa kwenye kiti cha jikoni akashika kichwa. "Wangari, mimi siwezi kumwambia Cucu Gathoni aoge. Nitamwambia nini? Kwamba ni mchafu? Yule alinipokea nikizaliwa." Nikamwambia likifungwa je. "Afadhali lifungwe," akasema, na nikaona kwamba anamaanisha. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mtihani wowote. Lakini maji yalikuwa yangu, yeye mwenyewe alisema hivyo, na nilikuwa nimechoka kuchekwa sokoni.

Usiku wa Jumatano nililala kwetu, ng'ambo ya soko, na asubuhi ya Alhamisi nilioga kwa sabuni ya mche, nikajisugua mpaka ngozi ikalia, na sikujipaka kitu. Nikavaa sketi fupi ya shuleni niliyokuwa nimeiweka akiba. Nikatoka hivyo, nikapita Ruiru sokoni katikati, miguu yangu ikiwa myeupe kama mtu aliyetoka kukanyaga unga. Mwanamke wa nyanya aliacha kuhesabu nyanya. Vijana walioegemea ukuta wakaita, "Niaje msupa, mafuta iliisha kwenu?" Mmoja akajitolea kuninunulia. Nilitembea nikiangalia mbele, masikio yakiwaka moto. Niliwakuta akina cucu wakinywa uji kwenye jua kabla ya kuingia majini, wanang'aa wote, na nikasimama mbele yao nikasema yote bila kupumua: matone, mabeseni, mafuta, jasho, afisa.

Kwanza walicheka. "Ati tuoge ndio tuoge?" mmoja akauliza. "Na baadaye tuoge tena ndio twende nyumbani?" Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu Cucu Gathoni hakuwa anacheka.

"Wangari," akasema. "Unaniambia mimi nanuka?"

"La, cucu. Hunuki. Unang'aa. Huko kung'aa ndiko kunaua maji."

"Na unataka nivue nguo mbele ya hawa wote nikiwa nimepauka. Kama mtu hana watoto."

Nikapiga hatua mbele kwenye jua, nikamwonyesha miguu yangu. Alitazama. Alianza na vidole, akapanda hadi magoti, akarudi chini. Mama Kamau alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni akiwa na mwiko mkononi.

"Umetembea hivyo kutoka kwenu?"

"Ndiyo, cucu."

"Ukapita sokoni?"

"Katikati."

"Na watu wakakuona?"

"Wote, cucu. Hata wale hawakutaka."

Mdomo wake ulianza kutetemeka, nikadhani ni hasira. Kumbe ni kicheko. Kilimtoka tumboni kikamwinamisha, akashika ukuta, uji ukamwagika. "Maitu," aliniita, jina la kumwita mama, ambalo mzee humwita msichana akimpenda, "wewe una wazimu." Akaweka kikombe chini. "Sabuni iko wapi?" Akaenda kwenye bafu la mabati kando ya banda, tukasikia ndoo na kata na kuguna, na alipotoka alikuwa na kamisi safi na miguu ya kijivu kutoka paja hadi kisigino. Alisimama mbele ya wenzake mikono kiunoni, akageuka kama siku ile ya kitambaa. "Angalieni vizuri, mmalize," aliwaambia. "Haya, nani anafuata?" Walifuata wote. Bafu lilijaa matusi na vicheko, wakionyeshana magoti, wakiulizana nani anafanana na ukuta usiopakwa rangi. Nami nikachukua mkebe wa mafuta kutoka mlango wa kuingilia, nikauweka kwenye benchi ya mlango wa kutokea. Jioni nilipima. Kichupa kikawa njano, njano ya kweli, maji yakiwa yameshaogwa na kundi zima. Nilikikimbiza jikoni nikiwa nimekiinua juu, na Mama Kamau akakishika, akakitazama dhidi ya dirisha, akakirudisha. Kisha akanipakulia nyama yeye mwenyewe.

Afisa alikuja wiki chache baadaye, Alhamisi alasiri, akina cucu wakiwa ndani ya maji. Aliingia bandani, akawasalimia kwa heshima akitazama paa, wakatoka mmoja mmoja. Maji yalikuwa yanaonekana hadi chini, hadi kwenye maungio ya mbao za sakafu. Akakunja mkono wa shati, akainama ayaguse.

"Wewe daktari!" Ilikuwa sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. "Umejipaka mafuta leo?"

Kijana akaganda, mkono hewani. "Nimejipaka, cucu. Asubuhi."

"Mfereji uko pale. Na sabuni."

Akanitazama mimi, nami nikamwonyesha mfereji. Alikwenda akanawa hadi kwenye viwiko, Cucu Gathoni akimsimamia, akarudi akachota maji yake, akapima, akajaza chupa za kupeleka maabara. Usoni hakuonyesha kitu. Kungoja majibu kulikuwa kubaya kuliko yote yaliyotangulia. Nilifanya kazi zangu kama kawaida, nilifungua kifuniko, niliosha kichujio, na kila pikipiki iliyopita barabarani iliuvuta moyo wangu.

Alirudi Alhamisi, akasimama uani bila kuvua kofia ya pikipiki, na wote wakatoka, wengine wakiwa na povu shingoni. Alivua kofia. "Mama Kamau," akasema, "hakuna kidudu. Hata kimoja. Kuna hospitali ningependa ziwe na maji kama haya." Kisha akageuka kunitafuta. "Pipa litaendelea. Ni nani anashughulikia maji?" Kabla sijainua mkono nilikuwa nimeshasukumwa mbele na mikono mingi yenye sabuni.

Cucu Gathoni akainua uso akapiga ngemi, yaani vigelegele, ambazo kwetu hupigwa mtoto akizaliwa, tano akiwa mvulana, tatu akiwa msichana. Wenzake wakaitika. Ya kwanza ikaenda ikagonga mabati ya jirani, ya pili ikawatoa watu nyumba za mbali. Nilikuwa nalia waziwazi, uso wote umelowa, na sikujali ni nani ananiona. Nilikuwa nimefanya kitu, na kitu hicho kilikuwa chema, na hakuna mtu duniani angeweza kuniambia sikukifanya. Walipomaliza ya tatu wakanyamaza, kama ilivyo desturi, na wengine wakaanza kurudi bafuni.

"Kwani mmechoka?" Cucu Gathoni akauliza.

"Si zimefika, Mama," mwenzake akasema. "Huyu ni msichana."

"Najua ni msichana. Kwani mimi ni kipofu?" Alinishika mkono kwa ule mkono wake wa kulia, akauinua juu pamoja na wangu, juu kabisa kupita vichwa vyetu. "Endeleeni."

Wakapiga ya nne. Wakapiga ya tano.